Nta ya Mshumaa wa Radi

Pipa lilikataa. Nililikumbatia kama mtu anayecheza dansi na mwanamume mnene asiyetaka kucheza, nikalitikisa kushoto, nikalitikisa kulia, na maji ya chumvi yakanimwagikia kifuani yakaingia mpaka ndani ya buti. Ndani yake mlikuwa na kabichi ya chumvi iliyobaki tangu majira ya baridi, na juu yake jiwe la kuikandamizia. Pipa lilikuwa limekaa juu ya meza ya mashine yangu ya randa tangu Novemba. Sasa ilikuwa Mei, mitofaa imeshachanua, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mkwe mwema.

Nililishusha. Sijui mgongo ulitoa wapi nguvu. Lilipogusa sakafu karakana nzima ilitikisika, na jogoo wa mama mkwe akaruka uzio akipiga kelele kana kwamba nimeshamkata shingo. Nikageuka kuitazama meza.

Mama yangu! Pale pipa lilipokuwa limekaa palikuwa na duara la kutu, jekundu pembeni, jeusi katikati, limevimba kama kidonda. Maji ya chumvi yalikuwa yamechimba vijifereji kutoka kwenye duara hilo mpaka kwenye mdomo wa visu. Nikapitisha kidole. Chuma ambacho baba yangu alikuwa anaweza kujiona uso ndani yake kilinikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nilikaa chini kwenye maranda nikalia, na nasema wazi kwamba nililia, maana kijijini walikuja kusema baadaye kuwa Bronka hana machozi.

Wasichana wengine wa upande wetu wa mto Narew waliolewa wakiwa na mito ya kulalia ya manyoya ya bata, na ng'ombe mmoja au wawili. Mimi niliolewa na mashine. Baba alikuwa seremala, hakujaliwa mtoto wa kiume, na siku ya harusi yangu aliipakia kwenye gari la farasi, akaifunika blanketi, akaifunga utepe mweupe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wicek kaoa wake wawili," wakasema, "na wa pili ana meno!" Wicek mwenyewe, bwana harusi wangu, alicheka kuliko wote.

Ilikuwa mashine ya kuheshimika: meza mbili za chuma kizito cha kusubu, moja mbele na moja nyuma, na katikati yake gogo la visu linalozunguka. Unausukuma ubao uliopinda juu ya meza, unatoka upande wa pili umenyooka. Lakini chuma cha aina ile kina deko. Hewa ya mtoni inakitia kutu, na mbao za msonobari zinakiachia ulimbo, na chuma chenye ulimbo kinaushika ubao usiende. Kwa hiyo kila Jumamosi, kabla ya kuoga, baba aliisafisha meza kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka nta, akaisugua kwa soksi ya sufu mpaka soksi iteleze yenyewe. Nimeifanya kazi hiyo kwake tangu nilipoweza kuifikia meza. "Ukiona unausukuma ubao kwa nguvu," alikuwa ananiambia, "zima mashine, paka nta. Ubao unatakiwa uende kama unajiendea wenyewe."

Nilimwambia Wicek maneno hayohayo. Baba ndiye aliyemfundisha mashine, si mimi, kwa sababu kijijini kwetu mwanamke alipiga msasa na kupaka rangi, na mwanamume ndiye aliyewasha. Mimi nilikuwa najua zaidi yake, na yeye alilijua hilo, na tuliishi hivyo bila kugombana. Mpaka vuli ile madukani pakawa hakuna kitu. Ile nta ya sakafu tuliyokuwa tunaitumia ilitoweka, kama ilivyotoweka sabuni, na nyama, na karatasi ya chooni. Wicek alikuwa na kazi ya madirisha ya nyumba mpya ng'ambo ya mto, na meza ilikuwa kavu, imejaa ulimbo.

"Wicek, isafishe hata kwa mafuta ya taa."

"Kesho, Bronka."

Hiyo kesho ilikuta hana vidole viwili vya mkono wa kulia. Ubao ulikwama, akaukandamiza kwa kifua, ukaruka, na mkono ukaenda pale ubao ulipokuwa. Mimi nilikuwa uani nikianika nguo. Sikusikia kelele. Nilisikia mashine ikibadilisha sauti kidogo tu, halafu mama mkwe akipita mbio na aproni yake mkononi.

Mama Leokadia alimfunga mkono mwanawe bila kutetemeka, akamkalisha kwenye lori la maziwa, akaenda naye hospitali. Aliporudi jioni alikwenda moja kwa moja karakanani, akaitemea mate mashine yangu, kisha akamwita Zenon, mdogo wake Wicek. Wakalibeba wawili pipa la kabichi, wakalitua juu yake.

"Imekula nyama ya mwanangu," akasema. "Sasa itabeba kabichi."

Siku ile hata mimi nilitaka kuipiga shoka. Na kusema kweli palikuwa mahali pazuri pa pipa: pa baridi, pasipotikisika, pamenyooka kuliko popote nyumbani. Wanawake watatu wa kijiji walikuja kuchungulia, wakakubali kwamba kweli, pipa limepata kiti.

Majira yale ya baridi Wicek alikaa kando ya jiko, mkono mapajani, akiutazama kama kitu alichokiokota njiani. Hakusema ilikuwaje. Mama yake alisema kwa niaba yake, kwa kila aliyepiga hodi: mashine ile ina laana, ilitoka kwa watu wasiojua kuzaa wanaume, ilimtafuta mwanangu. Wicek alisikia na kuchochea moto. Mimi nilisikia na kumenya viazi.

Halafu Jumapili moja ya Mei, tuko mezani na supu, Zenon akaweka kijiko chini. Kuna mtu mjini, akasema, ana matairi mawili mapya ya trekta. Matairi! Miaka ile tairi la trekta ungeweza kumposea msichana. Mtu huyo yuko tayari kubadilishana na mashine ya randa, hata kama ina kutu. Ataivunjavunja, gogo la visu atalitumia kwingine, vyuma vingine atauza kama chakavu. Jumamosi Zenon atakuja na tela.

"Ichukue," akasema mama Leokadia. "Kaburi limefungua mdomo nyumbani kwangu, lifunge."

"Mashine ni yangu," nikasema.

Kijiko cha Wicek kilisimama. Mama mkwe hakunyanyua hata macho.

"Chako ni mume, Bronka. Na huyo ulimwacha akaliwa."

Nimesahau mambo mengi ya miaka ile, ila supu ile naikumbuka. Ilikuwa ya chika, yale majani machachu, na yai, na sikuimaliza. Nilimtazama Wicek aseme neno. Akasema, "Mwache mama." Basi nikamwacha mama. Kesho yake alfajiri nikaenda kulishusha pipa.

Mtu ambaye hajawahi kuiondoa kutu kwenye chuma cha kusubu anadhani ni kazi ya kusugua. Si kusugua, ni ubishi. Nilimwaga mafuta ya taa juu ya duara lile nikaliacha linywe. Nikakwangua kwa wembe, uliolazwa karibu kabisa na chuma usije ukachimba. Kisha nikazungushia msasa kwenye kipande cha ubao na kusukuma kwa urefu wa meza, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kamwe si kwa kuzungusha, maana ukizungusha unachimba vishimo na ubao utavihisi. Tope la rangi ya kahawa lilitoka. Nikafuta, nikamwaga tena, nikasugua tena. Kucha zangu zilikuwa nyekundu mpaka Krismasi, lakini hiyo ni hadithi ya kuchekesha wajukuu.

Zenon alipita Jumanne kuangalia mali yake.

"Shemeji! Unaipaka poda? Bibi harusi mwenyewe anakwenda kuvunjwavunjwa, unampambia nini?"

"Nampambia bwana harusi asije akakimbia akiona meno."

Akacheka, Zenon si mtu mbaya. Lakini akaongeza, akiwa ameshapanda trekta, "Jumamosi, shemeji. Nimeshamwahidi mtu."

Mama Leokadia yeye hakutania. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa karakana, mikono chini ya aproni, akilitazama pipa lililokuwa sakafuni penye joto.

"Kabichi itaoza."

"Na ioze, mama."

Hilo lilikuwa neno zito katika nyumba iliyokuwa imekula kabichi ileile kwa vita viwili. Alivuta pumzi kwa pua, akaondoka. Na mimi nikaendelea, kwa sababu sasa sikuwa nasugua kutu tu. Nilikuwa nasugua ile "ulimwacha akaliwa". Kila nilipokwenda na kurudi nilikuwa namjibu.

Kufikia Alhamisi duara lilikuwa kivuli tu, kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe, na halikutoka tena, bado lipo. Meza yote iliyobaki ilikuwa ya kijivu, safi, uchi. Na hapo ndipo hofu ilinishika. Chuma kikiwa uchi hivyo, katika karakana ya mtoni, usiku mmoja wa ukungu unatosha. Ningeamka Ijumaa nikute kimeshavaa kutu mpya, ya rangi ya chungwa, na Jumamosi Zenon angekuta chuma chakavu kweli. Nilihitaji nta siku hiyohiyo.

Nilikwenda dukani. Muuzaji alinitazama kama aliyeombwa meno ya dhahabu. "Nta ya sakafu? Bi Bronka, nitafutie wewe kwanza sabuni." Mishumaa ya kawaida ilikuwa imenunuliwa yote tangu umeme ulipoanza kukatika. Nyuki wetu walikufa kwa baridi. Mafuta ya nguruwe hayafai, yanashika vumbi na kuuchafua ubao. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni, na macho yangu, yenyewe, sikuyatuma, yakaenda kwenye droo ya kabati chini ya sanamu ya Mama wa Mungu.

Humo ndimo mama Leokadia alimotunza mshumaa wake wa radi. Kila nyumba kwetu ina mmoja, wa nta halisi ya nyuki, unaobarikiwa kanisani mwanzoni mwa Februari. Unatoka nao kanisani ukiwa unawaka, unaukinga kwa shali upepo usiuzime, na ukifika nao nyumbani ukiwa hai unachora msalaba wa moshi kwenye boriti ya mlango. Radi ikianza kunguruma, unawashwa na kuwekwa dirishani, na nyumba inapona. Na siku mtu anapokufa anashikishwa mkononi, aone njia. Wa mama Leokadia ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, umefungwa utepe wa bluu, na alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa nta ya nyuki wa mama yake. Alikuwa ameshatuambia sote, mara nyingi kuliko tulivyotaka kusikia, kwamba huo ndio atakaokufa nao.

Jioni za Mei wanawake hukusanyika kwenye msalaba wa njia panda kumwimbia Maria. Mama mkwe alikuwa na sauti kubwa, hakukosa hata siku. Nilisubiri nilipoisikia sauti yake imepanda juu ya za wenzake, huko mbali, ndipo nikafungua droo.

Nilijua ninachofanya. Sikujiambia kwamba ni nta tu. Kwetu hakuna anayeweza kujiambia hivyo. Nilitazama juu, kwenye msalaba wa moshi uliokuwa mlangoni, nikasema kwa sauti, "Bwana, na wewe ulikuwa seremala. Unajua meza kavu ni nini." Nikauchukua.

Niliukata vipande kwenye kopo, nikaliweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto nje ya moto kabisa, nikaongeza tapentaini kidogo kidogo mpaka ikawa laini kama siagi ya kiangazi. Karakana ilinuka kanisa, na asali, na msitu, vyote pamoja. Nilipaka kwa kitambaa, tabaka jembamba, nikaacha ikauke, nikasugua kwa soksi ya Wicek. Nikapaka tena, nikasugua tena, meza ya mbele, meza ya nyuma, ukingo wa kuegemezea ubao. Meza iliinywa yote. Nilipomaliza niliweka kipande cha ubao juu ya meza nikakigusa kwa kidole kimoja tu. Kikaenda. Kilikwenda mpaka mwisho, kikadondoka sakafuni, na mimi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ulibaki utambi na utepe. Niliukunja utambi, nikaufunga utepe juu yake, nikavirudisha kwenye droo. Watu wanasema nilimwibia mama mkwe kifo chake. Waseme. Nilisema hivyohivyo mwenyewe usiku ule kitandani, na bado asubuhi sikujuta, na leo nina miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo yeye wakati ule, na sijajuta.

Jumamosi kulikuwa na joto la ajabu tangu asubuhi. Hewa ilisimama. Mbayuwayu walikuwa wakiruka chini chini karibu waguse nyasi. Zenon alifika baada ya chakula cha mchana na tela, minyororo na mbao za kuburuzia. Wicek alitoka nje, akasimama ukutani, mkono mfukoni. Mimi nilikuwa mlangoni mwa karakana, na nilikuwa nimeamua kwamba atakayeichukua mashine atapita juu yangu.

Zenon alichungulia ndani juu ya bega langu. Akapiga mluzi.

"Ala! Hii ndiyo ileile?"

"Ndiyo ileile. Yule mtu wako mwambie abaki na matairi yake mapya, mashine hapati."

"Shemeji, usinifanyie hivi. Mama kasema."

"Mama amwambie Mungu, Mungu ataniambia mimi."

Radi ya kwanza ikanguruma nyuma ya mto, bado mbali. Wingu lilikuwa limeshapanda, rangi ya plamu. Nilimwona mama Leokadia dirishani mwa jikoni, nikamwona akigeuka, na nikajua anakwenda wapi. Dakika ile ningeweza kukimbia, sikukimbia.

Alitoka. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa, machache, lakini hakuharakisha. Alivuka ua, akafika, akanyoosha kiganja mbele ya uso wangu. Juu yake palikuwa na utepe wa bluu na utambi.

"Uko wapi?"

Nikasogea kando mlangoni, nikamwonyesha meza.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu, ila siku ile. Alitazama meza iliyokuwa ikimetameta kwa mwanga wa wingu. Alinusa. Akaelewa.

"Umempa hicho kinyama kifo changu."

"Nimeipa meza nta, mama."

"Kilikula vidole vya mwanangu, na wewe ukakipa..." Alinyanyua mkono, nikadhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Radi ikapasuka karibu zaidi, na mvua ikaangukia ua kama iliyomwagwa kwa ndoo. Zenon akatusukuma sote ndani, Wicek akaingia nyuma yake akavuta mlango. Tukasimama wanne katika giza, mashine katikati yetu.

"Haikunila," akasema Wicek.

Alisema taratibu hata nikadhani ni mvua. Mama yake akageuka.

"Nini?"

"Mashine. Haikunila, mama. Meza ilikuwa kavu. Bronka aliniambia niisafishe, nikasema kesho. Ubao ukakwama, nikaukandamiza." Alitoa mkono mfukoni akautazama, kisha akaulaza juu ya meza, ule wenye vidole vitatu, akauacha uteleze polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. "Ingekuwa hivi," akasema, "ningekuwa navyo."

Majira yote ya baridi nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo, na yalipokuja sikufurahi. Nilitaka kumshika. Nikamshika.

Mwanga mweupe ukajaa katika nyufa zote za karakana, na mlipuko ukaja palepale pamoja nao. Zenon aliinama. Mama Leokadia alikuwa amesimama, utepe bado kiganjani, akitazama ukuta uliokuwa upande wa nyumba. Nilijua anachofikiri. Nyumba iko kule, na dirishani hakuna kitu.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akavuta kigoda, akakisogeza mpaka kwenye mashine, akakaa. Akalaza viganja vyote viwili juu ya chuma, akaanza sala ya dhoruba, ileile aliyoisali dirishani maisha yake yote mbele ya mwali.

"Mama!" Zenon akapiga kelele. "Toa mikono! Radi inapenda chuma!"

"Chuma hiki kimebarikiwa," akasema, akaendelea na sala. "Sogea karibu, mjinga wewe. Wote, sogeeni."

Tulisogea. Tulisimama tumeizunguka mashine ya randa kama watu waliozunguka kitanda cha mgonjwa, tukimwitikia. Zenon aliitikia kwa sauti kuliko wote. Radi ilipiga mti wa mpopla nyuma ya zizi, tukasikia gome likipasuka, ng'ombe wakalia. Nyumba haikuguswa. Karakana haikuguswa. Polepole ngurumo zikaelekea msituni, na mvua ikawa mvua tu.

Zenon alifuta uso kwa kofia. Alitazama nje, kwenye tela lililojaa maji, kisha akaokota mnyororo sakafuni bila haraka.

"Haya, basi," akasema. "Kabla njia haijawa tope. Wicek, shika upande ule."

"Weka mnyororo chini," akasema mama Leokadia.

"Mama, ulisema..."

"Nilisema kabla. Mshumaa wangu uko juu yake. Unataka kuupeleka wapi? Kwa fundi wa vyuma chakavu? Aje aufute kwa matambara yake ya grisi?"

"Lakini matairi! Mama, matairi mapya!"

"Endesha yaliyopo. Uende polepole, utafika."

Zenon alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga radi. Nikampungia mkono. Alitoka akilalamika mpaka langoni, na tela tupu likiruka mashimo nyuma yake. Wicek alikwenda kuwaangalia ng'ombe. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, na mashine.

Alikuwa bado amekaa, viganja bado juu ya meza. Alivipitisha mbele na nyuma, mara moja, mara mbili, kwa namna ya mtu anayepima kitambaa sokoni. Akagusa kile kivuli cha duara ambacho hakikutoka. Akakipita.

"Sijakusamehe, Bronka."

"Sijaomba, mama."

Akatikisa kichwa, kama aliyesikia jibu alilolitarajia. Umeme uliokatwa na dhoruba ulikuwa umerudi. Balbu juu yetu iliwaka, ikafifia, ikawaka tena. Alisimama, akashika kiuno, akalitazama rundo la mbao za msonobari zilizokuwa zikisubiri tangu vuli kuwa madirisha ya mtu.

"Hizo nazo zitaoza?"

"Hazitaoza."

"Basi washa." Alikishika kigoda, akakirudisha nyuma hatua moja, akakaa tena, mikono chini ya aproni, macho kwenye mikono yangu. "Na hivyo vidole nitavihesabu jioni, umesikia? Vyote kumi nivikute mezani."

Nikawasha.